Maisha Yetu Umatengoni na Safari Zetu za Ziwani



Mwaka huu ni wa nne tangu tulipohamia katika milima ya Umatengo, wilaya ya Mbinga, sisi na mama wa nyumba yetu pamoja na watoto watatu. Walimu wenzetu wa upande wa mashariki wametuuliza mara nyingi: "Huko ugenini mnaishije? Nchi yenyewe ni ya namna gani? Na siku za mapumziko huenda wapi?" Tumeona heri kuwajibu wote pamoja katika ukurasa huu. Walakini hatutasimulia habari za milima na maji peke yake. Kuna jambo moja lililotupata katika safari hizo, nalo halituletei sifa hata kidogo; lakini twadhani litawafaa walimu wenzetu, na jamaa zote za Kikristu zinazokaa mbali na kwao.

Kwa asili sisi ni Wamwera, wa pande za Nyangao, mkoa wa Lindi. Nchi yetu ni ya joto, yenye mikorosho na mihogo, na mtu husimama mlangoni akaona mbali bila kuinua macho. Kutoka huko tulipita Masasi, na Tunduru, na Songea, tukafika Mbinga siku ya pili kwa gari la abiria, na njia yote ina lami. Tulipokuwa njiani tuliwakumbuka wale waliotutangulia katika safari kama hiyo kwa miguu. Padre Cassian Spiss, mmonaki wa Mtakatifu Benedikto, aliweka msingi wa misioni ya Peramiho mwaka 1898. Naye, akiwa Askofu, aliuawa karibu na Liwale mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, akiwa safarini kwenda huko huko Peramiho. Basi sisi tuliokaa juu ya kiti, tukinunua machungwa dirishani, tuliona haya kulalamika kwamba mgongo unauma.

Mbinga ni mji wenye kanisa kuu la Mtakatifu Kiliani, nayo ni makao ya jimbo lililowekwa mwaka 1986. Lakini kigango chetu si cha mjini. Ni juu zaidi, mahali ambapo nyumba zimekaa mgongoni mwa kilima, na vijito viwili hupita chini, kimoja huku na kimoja huko. Mgongo mmoja wa namna hiyo Wamatengo huuita ntambo, na zamani ntambo mmoja ulikuwa makao na mashamba ya ukoo mmoja. Mgeni aingiapo hapo hajaingia katika kijiji tu. Ameingia katika nyumba ya watu.

Jambo la kwanza lililotushinda lilikuwa baridi. Mwezi wa Juni na wa Julai ukungu hukaa mpaka jua limepanda, na watoto wetu, ambao kwao walizoea kulala na shuka moja, walilia usiku. Tulijifunza kuota moto jikoni na kula ugali wa mahindi na maharage kila siku, sisi tuliozoea samaki wa pwani. Tena lugha: Kiswahili kinasikika kwa wote, lakini bibi na babu husali na kugombana kwa Kimatengo, na mwalimu asiyejua lugha ambayo watu hugombana nayo hajui bado mambo yao.

Jambo la pili lilikuwa jembe. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi tulipewa shamba mtelemkoni. Tukalima kama tulivyolima kwetu, matuta marefu yenye kushuka pamoja na kilima. Mzee mmoja jirani alikuja akasimama, akatazama, akasema kwa upole, "Mwalimu, shamba hili litakwenda mtoni." Tulicheka, tukamjibu kwamba sisi tumelima tangu utoto. Mvua kubwa tatu zilipopita, udongo mweusi wote ulikuwa chini kijitoni, na juu yalibaki mawe.

Ndipo mzee yule alipokuja na wanawe kutufundisha ngoro. Wasiojua na wasikie, maana ni elimu kubwa. Mwisho wa masika majani marefu hukatwa na kuachwa yakauke. Kisha hupangwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, hata shamba lote likawa kama wavu wa miraba. Ndani ya kila mraba udongo huchimbwa na kutupwa juu ya majani ya pande zote nne, na katikati hubaki shimo. Juu ya matuta hayo hupandwa maharage. Na yakiisha kuvunwa, mvua za Novemba na Desemba zikifika, hupandwa mahindi. Maji ya mvua hayakimbii, bali hutua shimoni. Magugu hutupwa humo yakaoza, yakawa mbolea. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 babu zao walisongamana milimani kwa kuogopa mashambulio ya Wangoni, wakalazimika kuishi kwa ardhi ndogo yenye mteremko mkali. Na ngoro ndiyo iliyowalisha. Watu wa elimu hutoka nchi za mbali kuja kuitazama. Sisi tulikuwa tumeicheka.

Basi, ingawa tulitendewa wema namna hii, moyo wetu haukukaa. Twaungama wazi. Mwaka wa pili, siku ya Jumamosi, tulishuka kwa mara ya kwanza hata Ziwa Nyasa. Barabara ya kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kiasi cha kilomita 66, nayo sasa ina lami. Huzunguka vilima kama nyoka, ikashuka, ikashuka tena. Masikio huziba, makoti huvuliwa moja moja, na baridi hubaki nyuma. Kisha, penye kona moja, ziwa huonekana. Tuliposhuka garini tulikuta mchanga, na miembe, na mihogo imeanikwa juu ya mawe, na joto lile lile la kwetu. Mama wa nyumba yetu alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akasimama kimya muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni upepo.

Ziwa hili ni la tatu kwa ukubwa katika Afrika, baada ya Viktoria na Tanganyika, na penye kina kirefu hupita meta 700. Nchi tatu zinalizunguka: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Ng'ambo ya Mbamba Bay iko Nkhata Bay ya Malawi, nao watu wa pande hizi mbili wana ndugu na lugha zinazoshabihiana. Samaki wake ni wa aina mamia, na wengi hawapatikani mahali pengine po pote duniani. Wavuvi hutoka jioni na taa zao kutafuta usipa, samaki wadogo kama kidole, ambao huanikwa na kupelekwa milimani. Tena kuna mbasa, na mbufu, na magege. Mara nyingine huonekana wingu jeusi limesimama juu ya maji kama moshi wa moto mkubwa. Mtoto wetu mdogo alidhani meli inaungua. Kumbe ni kungu, vijidudu wadogo wasiohesabika watokao majini. Na upepo ukiwaleta pwani, watu huwakamata, wakawaponda na kufanya mikate ya kula. Tuliionja. Mama wa nyumba alisema mara moja yatosha.

Tangu siku hiyo tulishuka mara kwa mara. Kwanza mara moja kwa mwezi, kisha kila Jumamosi ya pili, kisha karibu kila juma. Mwalimu mwenzetu wa kigango cha jirani alikubali kuongoza sala ya Jumapili mahali petu, nasi tulisali ziwani. Tulijiambia kwamba hatuvunji sheria yo yote, maana ibada ipo na watoto wamefundishwa siku za juma. Wenyeji hawakutulaumu. Ila siku moja yule mzee wa ngoro alituuliza, "Mwalimu, huko chini umeacha nini?" Tukamjibu, "Hatukuacha kitu, babu. Twapumzika tu." Akaitikia kwa kichwa, asiseme zaidi.

Mzee huyo alikuwa mkatekumeni wa mwaka wa pili. Alihudhuria mafundisho bila kukosa, akikaa kwenye benchi la mbele kwa sababu ya masikio yake. Alielewa mambo, na maswali yake yalitufanya tufikiri. Lakini kusema sala kwa moyo kulimshinda, maana aliruka maneno na kuyachanganya. Pasaka ilipokaribia tulimwambia Padre kwamba bado, afadhali angojee mwaka ujao. Padre alituamini. Mzee alipokea neno hilo akasema, "Haya, nitangoja." Umri wake ulipita miaka themanini.

Mwezi wa Julai, wakati wa kuchuma kahawa, tuliazimu kwenda Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, tulikosikia sifa zake siku nyingi. Usiku wa kuamkia safari tulikuwa tumeandika barua kwa wakubwa wetu, kuomba turudishwe kwetu. Tulitaja baridi, na afya ya watoto, na mengine. Barua tuliifunga, tukaiweka sandukuni ili tuipeleke tukirudi.

Liuli ni pazuri kweli. Katika ghuba yake limesimama jabali kubwa liitwalo Pomonda, ambalo ukilitazama kwa upande mmoja hufanana na mnyama aliyelala ameinua kichwa. Wajerumani waliliona kama Sphinx, ile sanamu kubwa ya Misri, wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen. Hapo ndipo vita vya kwanza vya dunia vilipofika ziwani. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliingia ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa kutengenezwa. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza. Na yule Mwingereza alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Tulisimuliana habari hiyo tukacheka, tukasema, masikini, mtu kupitwa na habari nzito namna ile!

Tulizuru pia kaburi la Arkidiakono William Percival Johnson, wa misioni ya ndugu zetu Waanglikana. Alikuja pande hizi za ziwa katika miaka ya 1880, na macho yake yalikuwa mabovu, jicho moja halioni kabisa na la pili kwa shida. Naye alizunguka vijiji vya pwani hii mpaka mwaka 1928 alipokufa hapo hapo Liuli. Tulisimama tukasali. Twakiri kwamba tulimsifu mtu yule kwa kukaa ugenini zaidi ya miaka arobaini, na barua yetu i sandukuni.

Jumapili baada ya sala tulitaka kurudi Mbamba Bay kwa mashua, ingawa wenyeji walitushauri tushike njia ya nchi kavu. Upepo wa kusi ulikuwa umekwisha kuanza. Huku ziwani huitwa mwera, nasi kwa kuwa tu Wamwera tulifanya mzaha kwamba ndugu yetu hawezi kutudhuru. Mashua haikufika mbali. Mawimbi yalipanda, mwenye mashua akageuza, tukalala pwani tumelowa, na gari la kupanda mlima limekwisha kuondoka. Simu yetu ilikuwa imezimika. Tulifika kigangoni Jumatatu jioni.

Tulipokaribia, tuliona watu wengi wamekaa uani kwa yule mzee, na wanawake wamejifunga nguo viunoni. Hapana aliyetukimbilia. Mwanawe mkubwa alisimama, akatupa mkono, akasema, "Pole na safari, Mwalimu. Baba tumemzika leo mchana."

Alikuwa ameshikwa na kifua Jumamosi usiku. Alituita. Wakamwambia Mwalimu yuko ziwani. Wakapiga simu yetu, isiitike. Wakamtuma kijana kwa pikipiki kumfuata Padre. Padre alikuwa kigango cha mbali, akafika mwili umekwisha kupoa. Jumapili kabla ya mapambazuko mzee alisema, "Niliambiwa ningoje. Nimechoka kungoja."

Ndipo mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, mwanafunzi wetu wa mafundisho, alipouliza kama yupo mtu mzima Mkristu wa kumbatiza babu. Waliokuwapo walitazamana, waliogopa, wakidhani ni kazi ya Padre tu, au ya Mwalimu. Msichana akasema, "Mwalimu alitufundisha kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, na Padre hayupo, mtu ye yote aweza." Akachota maji ya mtungini kwa kikombe. Akamwuliza babu yake kama anamsadiki Mungu na yote aliyofundishwa, na kama anajutia dhambi zake. Mzee akaitikia. Basi akammiminia maji kichwani, akasema yale maneno, hakuruka hata moja. Akamwita Yosefu, kwa sababu tuliwaambia kwamba Mtakatifu Yosefu ni msimamizi wa wanaokufa vema. Jua lilipotoka mzee akafariki.

Tulimwendea msichana yule. Alikuwa akiosha sufuria. Aliposikia hatua zetu aliinuka, akatusalimu kwa heshima, akauliza kwa woga, "Shikamoo, Mwalimu. Je, nilikosea? Maji yalikuwa ya mtungini." Tulijibu, "Marahaba, mwanangu. Hukukosea." Zaidi ya hayo hatukuweza kusema. Padre naye alimwuliza yote aliyoyafanya na kuyasema, akathibitisha kwamba ubatizo ni halali, akamwandika mzee katika kitabu cha ubatizo. Tulishuhudia kalamu ikiliandika lile jina, tukakumbuka kwamba ni sisi tuliosema "bado".

Jioni baada ya matanga wazee walitualika kula. Wamatengo wana desturi ya zamani iitwayo sengu: wanaume wa ukoo hukutanika kwa mkubwa wao, kila nyumba huleta chakula, wote wakala pamoja na kuongea mambo yao. Miaka miwili tuliitwa mara nyingi, nasi tulishukuru tukakataa, tukisema kazi ni nyingi. Siku hiyo tulikaa. Tuliomba radhi mbele ya wote. Ndugu wa marehemu, mzee kama yeye, alimeza tonge lake polepole, kisha akasema, "Mwalimu, sisi hatukasiriki ukienda ziwani. Hata sisi vijana wetu walikwenda mbali. Wengine walikata mkonge Tanga, wengine walifika migodi ya Afrika ya Kusini, na wengine hawakurudi. Mtu akimkumbuka mama yake si kosa. Lakini wao walituaga. Wewe unaishi kwetu kama mtu angojaye gari."

Ndugu wasomaji, maneno haya hatujayasahau. Hatukupigwa, hatukutukanwa, tuliambiwa ukweli na mtu mwenye huzuni, huku tunakula chakula chake.

Usiku ule mama wa nyumba yetu alifungua sanduku, akaitoa barua, akaisoma taratibu mpaka mwisho. Tulingoja aseme tuipeleke au tuichane. Yeye ndiye aliyeteswa na upweke kupita sisi sote. Akasema, "Karatasi nzuri hii, na nyuma ni nyeupe. Andika majina ya wakatekumeni wa mwaka huu." Tukaandika majina kumi na tisa. Kisha akasema, "Na wale wazee watatu, waulize mambo wanayosadiki, usiwapime kwa kukariri." Tukafanya hivyo, kwa shauri la Padre, na Pasaka iliyofuata wote watatu walibatizwa.

Je, tumeacha kwenda ziwani? La. Tunakwenda mara moja kwa mwezi, lakini namna imebadilika. Hatuondoki bila kuaga, nyumba kwa nyumba za wagonjwa kwanza. Tumeacha namba ya mwenye nyumba tunayofikia. Safari za mashua wakati wa mwera tumeziacha kabisa. Tena hatwendi peke yetu. Mwezi wa Septemba tulishuka na watu kumi na mmoja wa kigango, na gunia la maharage ya ngoro. Tukabadilishana na usipa, na watu wa Mbamba Bay wakatupokea kwa wema. Miongoni mwao alikuwamo mjane wa yule mzee. Aliishi miaka yote kilomita zisizofika sabini kutoka majini, wala hajaliona ziwa. Mama wa nyumba yetu alimshika mkono mpaka ukingoni. Bibi alitazama, akainama akachota maji kwa kiganja, akayaonja. Akashangaa hayana chumvi, maana alikuwa amesikia watu wakiyalinganisha na bahari. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo haya aliyokuwa akiyafuata Mwalimu. Ni mazuri." Na kwa neno hilo tuliona kwamba ametusamehe.

Walimu wenzetu mliopelekwa mbali, twawaachia maneno matatu tu. Msiache kutembea na kuitazama nchi mliyopewa, maana ni kazi ya mikono ya Mungu, lakini muage. Wafundisheni watoto namna ya kumbatiza mtu aliye katika hatari ya kufa, tena mrudie mara nyingi, maana hamjui ni nani atakayekuwapo saa hiyo. Na mkitengewa chakula, kaeni mle.

Nanyi wazazi mnaosoma ukurasa huu jioni pamoja na watoto, waulizeni leo kabla ya kulala kama wanayajua yale maneno. Asiyeyajua, mfundisheni.

Maharage yameota vizuri mwaka huu. Shamba letu halijakwenda mtoni.

Sisi ndugu yenu, Katekista wa Umatengo.